Kuchaji si kukausha: mashine za masikio na unyevu wa Pwani

Mashine za kusikia zinazochajiwa zimeanza kuzoeleka hapa kwetu Pwani. Unaziona misikitini, sokoni, kwenye harusi, nyuma ya masikio ya wazee na ya watoto wa shule. Watu wamezipenda kwa sababu hazina zile betri ndogo za duara za kununua kila mara, ambazo mzee mwenye vidole vinavyotetemeka huzidondosha chini ya kitanda zisionekane tena. Usiku unaziweka kwenye kisanduku chake, asubuhi ziko tayari. Lakini pamoja nazo imekuja dhana moja inayoua mashine nyingi kabla ya wakati wake: kwamba ikishalala kwenye chaja, imeshakauka. La. Chaja hutia umeme. Kutoa maji ni kazi nyingine, na katika miji kama Mombasa, Malindi au Lamu ni kazi ya kila siku.

Mimi mwenyewe navaa mbili, zile za kukaa nyuma ya sikio, zenye mrija na kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio langu. Nimezivaa kaskazi na kusi, na mtaani nimekuwa mtu wa kuulizwa. Swali linalonijia mara nyingi ni hili: "Maalim, mashine ya mama imekufa, tumpeleke wapi?" Nikiuliza imekufa vipi, jibu huwa lile lile. Asubuhi inasema vizuri. Ikifika saa sita mchana inaanza kufifia, au inakwaruza kama redio iliyotoka kwenye stesheni. Kesho yake asubuhi imefufuka. Basi kitu kilichokufa hakifufuki kila alfajiri. Hiyo imelowa.

Na mwisho wake si mashine peke yake. Mama akichoka na mashine inayokata kata huivua. Nyumba kwanza inazoea kumpigia kelele, kisha inazoea kutomsemesha kabisa. Mtoto naye anakaa darasani akimtazama mwalimu midomo, na kadi ya ripoti inaandikwa kuwa hasikilizi. Mashine zenyewe zilinunuliwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, pengine kwa mchango wa ukoo mzima, na sasa zimo ndani ya droo pamoja na miwani iliyovunjika.

Tuanze na maji yanakotoka. Hewa ya mwambao wetu mara nyingi ina unyevu unaopita asilimia 70, na alfajiri huwa zaidi ya hapo. Kila tarehe 3 Machi ni Siku ya Usikivu Duniani, na huwa tunahimizwa tukapimwe masikio. Vizuri sana. Ila kwetu tarehe hiyo huangukia kwenye joto la kaskazi, masika yako mlangoni, na huo ndio msimu ambao mashine za waliokwisha kupimwa zinazimika. Juu ya hewa, ongeza jasho linaloteremka nyuma ya sikio, mahali hasa mashine ilipolala. Ongeza sikio lenyewe, ambalo ndani yake ni joto na majimaji, na ukiliziba kwa kizibo mvuke wake hauna pa kwenda ila kupanda mrijani.

Hapo ndipo kiyoyozi kinapoingia. Ukikaa benki au kwenye ofisi yenye baridi, mvuke wa joto kutoka sikioni unakutana na mrija uliopoa, unageuka matone. Tone moja la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kuziba sauti, maana tundu la mrija ni jembamba. Ukitoka nje, mambo yanageuka: sasa mashine nzima imepoa, na hewa ya mtaani inaitolea jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Anayeshinda siku nzima akiingia na kutoka, kama karani au mwenye duka la mall, analowesha mashine mara kadhaa bila kuguswa na mvua.

Kisha kuna chumvi. Jasho lina chumvi, na upepo wa bahari unayo. Maji matupu yakikauka huenda zao. Chumvi hubaki, na ndiyo inayokula vile vidoto vya chuma vya kuchajia na kuacha kutu ya kijani. Muuzaji atakwambia mashine yake ni IP68. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, ya pili inahusu kuzama majini, na ni kipimo kizuri. Lakini kinapimwa kwa maji matamu na mashine ikiwa mpya. Hakisemi lolote kuhusu jasho la miaka miwili. Nimemsikia mfanyabiashara mmoja akimwambia mteja kwamba kwa namba hiyo anaweza kuogelea nayo Nyali. Ningekuwa mimi ningeondoka dukani.

Sasa turudi kwenye ile dhana. Zamani, kwa mashine za betri za kutoa, mambo yalikuwa mepesi. Usiku ulifungua kijumba cha betri, ukatoa betri, ukaweka mashine kwenye chupa ya kukaushia mpaka asubuhi. Usiku ulikuwa wa kukausha. Mashine ya kuchaji imeuchukua usiku huo huo. Kijumba chake hakifunguki, na saa ambazo ingekuwa kwenye chupa sasa iko kwenye chaja. Tena chaja nyingine zina kifuniko, kwa hiyo unyevu ulioingia nao unalala nao humo humo. Baadhi ya visanduku vina nafasi ya kidonge cha kukaushia, na kama chako kina nafasi hiyo usikiache kidonge kilekile mwaka mzima. Huwa kinashiba baada ya wiki chache, na kwetu hushiba mapema zaidi kuliko karatasi yake inavyosema. Visivyo na nafasi hiyo havikaushi chochote.

Kwa hiyo inabidi tutafute saa nyingine, na hili kila nyumba italipanga kwa maisha yake. Watu wengi hushauriwa wakaushe jioni kabla ya kuchaji. Mimi sikubaliani, kwa mzee wa Pwani angalau. Baada ya magharibi na isha ndio wakati wa mazungumzo, watoto wamerudi, wageni wamepita, kahawa iko barazani. Ukimvua babu masikio saa hiyo umemtoa kwenye mazungumzo ya nyumba yake. Ninachofanya mimi ni mchana: baada ya adhuhuri na chakula, jasho la asubuhi likiwa bado bichi, mashine zinaingia kwenye chupa mpaka alasiri, nami najilaza. Usiku zinakwenda kwenye chaja. Mara mbili kwa wiki nafanya refu: naziweka kwenye chaja mapema, aina nyingi hujaa kwa saa 3 au 4, na kabla ya kulala nazihamishia kwenye chupa mpaka alfajiri.

Kwa mtoto wa shule, saa yake ni akirudi. Akitaka kwenda pwani kuogelea au uwanjani kwenye mpira, mashine zinabaki nyumbani ndani ya chupa. Muda wa mchezo wake ndio muda wa kukausha.

Jambo moja dogo ambalo wengi halijawafikia: mashine za kuchaji, nyingi zao, hujiwasha zenyewe zikitoka kwenye chaja. Ukiitia kwenye chupa ikiwa imewaka, itakula betri yake bure na kupiga mbinja humo ndani. Bonyeza kitufe chake kwa sekunde kadhaa mpaka taa ionyeshe imezima, halafu ndiyo uiweke.

Chupa yenyewe haina ufundi. Chupa yoyote safi ya mdomo mpana, yenye kifuniko kinachobana kweli, inafaa. Ndani unaweka chembe za silika jeli, ndugu wa vile vipakiti vinavyokuja kwenye sanduku la viatu vipya, na juu yake kitambaa chepesi au kikombe kidogo chenye matundu ili mashine isizame kwenye chembe. Nunua zile zinazobadilika rangi. Za rangi ya chungwa hugeuka kijani au kupoteza rangi zikishiba. Za buluu hugeuka waridi. Ningependelea za chungwa, kwa sababu za buluu hutiwa rangi kwa chumvi ya kobalti ambayo ni sumu, na nyumba zetu zina watoto wanaotia kila kitu mdomoni. Chembe zikishiba hazitupwi. Zikaushe kwenye kikaango kikuukuu ambacho hakipikiwi tena, moto mdogo, ukikoroga taratibu mpaka rangi irudi, kisha ziache zipoe kabisa kwenye chupa iliyofungwa kabla ya kurudisha mashine. Na funga kifuniko. Chupa ikiachwa wazi usiku mmoja wa masika, chembe zitakunywa hewa ya chumba kizima na kesho hazitakuwa na nafasi kwa mashine yako.

Mchele je? Najua chanzo chake. Nyumba nyingi hutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigande, na watu wakaona basi unafaa kwa simu, na kama unafaa kwa simu unafaa kwa sikio. Lakini mchele wa dukani wenyewe una maji ya asilimia 12 hadi 14, na ukikaa jikoni Pwani unakunywa mengine. Haukaushi kwa haraka wala kwa nguvu, na vumbi lake la unga linaingia kwenye matundu ya maikrofoni, likikutana na unyevu linakuwa uji. Chumvi ni mbaya zaidi: hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 chumvi huanza kuyeyuka yenyewe, kama kila mpishi wa hapa ajuavyo. Jua kali, mashine ya kukaushia nywele, jiko la makaa na maikrowevu vyote niviweke kwenye kapu moja: betri ya lithiamu iko ndani, haitolewi, na haipendi joto. Watengenezaji wengi huandika kuwa usichaji kwenye joto la kupita nyuzi 40, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo bila shida. Kuna visanduku vya umeme vya kukaushia kwa hewa ya uvuguvugu. Ni vizuri, ila soma kwanza kijitabu cha mashine yako kama inaruhusu.

Sasa kizibo, maana hiki ndicho kinachooshwa, na ndicho kinachosahauliwa. Mashine haiguswi na maji. Kizibo na mrija wake vinataka maji. Shika ile ndoano ya plastiki inayozunguka juu ya sikio kwa mkono mmoja, mrija kwa mkono mwingine, vitenganishe hapo. Usivute mrija kutoka kwenye kizibo, umegundishwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali, toa taka za sikio kwa brashi laini, suuza. Spiriti na jiki hazitakiwi, hukausha na kupasua plastiki, na kilichobaki humo kitakwenda kuwasha ngozi. Kisha toa maji mrijani kwa kile kipulizo kidogo cha mpira ambacho huja na mashine au huuzwa peke yake. Wengine hupuliza kwa mdomo. Pumzi ya mdomo ni mvuke mtupu, unatoa tone na kuingiza ukungu.

Kizibo kifutwe kila siku kwa kitambaa kikavu, na kioshwe mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mtoto anayetoka jasho sana au mwenye masikio yenye taka nyingi, mara nyingi zaidi. Oshea usiku, kitundike mahali penye hewa mpaka asubuhi huku mashine iko kwenye chaja. Hapa ndipo mashine ya kuchaji inatusaidia: vitu viwili vimetengana, kila kimoja na kazi yake. Asubuhi kabla ya kuunganisha, inua mrija kwenye mwanga. Ukiona tone, pulizia tena. Ukiunganisha na tone humo, umelisukuma liingie kwenye mashine mwenyewe.

Mrija ukishakuwa wa njano na mgumu, umekwisha. Kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, na kwa joto letu tegemea mitatu. Ni kipande cha bei ndogo sana ukilinganisha na kilichoshikilia. Mashine ikianza kupiga mbinja kwa mtoto, usiilaumu kwanza: sikio lake limekua na kizibo kimekuwa kidogo. Mtoto mchanga anaweza kuhitaji kipya kila baada ya miezi michache.

Wenye mashine za waya mwembamba, zenye spika inayoingia sikioni na kikofia laini cha silikoni, sheria yao ni tofauti. Spika ile haioshwi kamwe. Vua kikofia ukibadilishe au ukifute, piga brashi kavu ukiwa umeelekeza spika chini ili taka ianguke badala ya kuingia, na badilisha kichujio cha nta sauti ikidhoofu.

Yapo na mambo ya mila zetu ambayo vijitabu vya kutoka Ulaya havina. Udhu, kwa mfano. Vua mashine kabla hujafungua bomba, si baada ya kufika kwenye kichwa na masikio. Usiziweke kwenye ukingo wa birika wala kwenye mfuko wa kanzu wenye leso mbichi. Uwe na kikebe kidogo kinachofungika. Ukimaliza, kausha masikio na nyuma yake kwa kitambaa, subiri dakika chache ndipo urudishe. Anayetawadha mara tano kwa siku na kurudishia mashine kwenye ngozi mbichi mara tano, chupa haitamwokoa.

Mafuta ya nazi kichwani, marashi, na kufukiza udi: vyote vitangulie, mashine zivaliwe mwisho. Moshi wa udi una mafuta ndani yake, na mafuta hayo hukaa kwenye matundu ya maikrofoni na kunasa vumbi. Nyumba ya harusi inayofukizwa toka asubuhi ni mahali pa kumwambia bibi arusi, kama anavaa mashine, aziache kwenye kikebe mpaka chetezo kitoke chumbani. Na ushungi wa kitambaa kisichopitisha hewa hufungia jasho nyuma ya sikio. Wa pamba ni afadhali.

Kuhusu chaja nitasema machache. Iweke chumbani, mbali na jiko, bafu na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Futa vidoto vyake kwa kitambaa kikavu kila wiki, na usiweke mashine mbichi juu yake, ifute kwanza. Stima ikipotea, chomoa. Rudisha ikishatulia, maana ule mrindimo wa kwanza umeshaunguza adapta nyingi. Nyingi ya chaja hizi hutumia waya wa USB, kwa hiyo pawa benki nzuri inatosha kuvuka usiku wa giza.

Mashine ikianguka kwenye ndoo, izime, ifute, iweke kwenye chupa siku nzima, na isiguse chaja mpaka ikauke. Ikianguka baharini, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu kidogo, kisha kikavu, iingie chupani, na siku hiyo hiyo au kesho yake ipelekwe kwa fundi wake, hata kama inasema. Chumvi haingoji. Ikivimba au ikiwa moto mkononi, usiichaji tena na usiibandue.

Na sikio nalo litazamwe. Kizibo kibichi ndani ya sikio la joto ni shamba la kuvu. Likiwasha, likinuka au likitoa majimaji, vua kizibo upande huo na uende zahanati au hospitali. Mafuta ya karafuu na ya kitunguu saumu yanayotiwa masikioni majumbani hayaponyi kuvu, na huharibu kizibo na kuziba spika. Sikio linalotoa usaha lisizibwe mpaka daktari aseme.

Kama bado hujanunua, muulize muuzaji mambo haya kabla hujatoa pesa: kisanduku chake kina nafasi ya kidonge cha kukaushia? Mirija na vichujio vinapatikana Mombasa, au mpaka viagizwe Nairobi? Betri ya ndani hudumu miaka kama 4 au 5 kisha huchoka. Inabadilishwa wapi, kwa bei gani, na inachukua wiki ngapi? Na wiki hizo, mama atavaa nini?